Minyoo Sifuri

Mama Katungu anapanga makasha ghalani, mtaa wa Seven Hills, siku tano kwa wiki. Jumamosi hii alitaka kitu kimoja tu: nafasi ya mwisho kwenye timu yetu inayokagua samaki wa kijito cha St Marys. Clifford, kiongozi wa timu, alisema wazi. Samaki kumi, fomu moja, na hesabu yake ilingane na ile ya Clifford. Isipolingana, nafasi anapewa mwingine.

Safu kubwa ya fomu iliandikwa Minyoo. Maji yakipungua wakati wa joto, vijidudu hivyo vinajichomeka kwenye ngozi ya samaki na kumfyonza. Samaki wadogo wanakonda, wanakufa kabla ya kutaga, na mwakani kijito kina samaki wachache.

Mama Katungu alikulia Uvira akiparua samaki. Alimgeuza kila mmoja polepole ndani ya beseni, akachungulia mpaka kwapani mwa mapezi.

Wilondja, shemeji yake, aliingia timu mwaka jana, na mdomo wake haupumziki. "Shemeji, unahesabu ao unamsuka nywele?"

"Weye nyamaza. Samaki mwenyewe hajalalamika."

Mama Katungu akarudisha fomu. Minyoo: sifuri, sifuri, sifuri, mpaka samaki wa kumi. Clifford, aliyekagua samaki haohao kabla yake na kupata minyoo thelathini na tisa, akavua miwani. Wilondja alicheka akarudi kinyumenyume, akakalia ndoo ya maji, akazama mpaka kiuno. Hapo tulicheka wote, hata Clifford.

Mama Katungu hakuhangaika. Alimng'oa mdudu mmoja kwa kibanio, akamlaza kiganjani. "Tazama mkiani. Mifuko miwili ya mayai. Mnyoo gani anabeba mayai nje kama kaa? Huyu ni ndugu ya kaa. Geuza karatasi."

Nyuma iliandikwa: Ndugu ya kaa, 43.

Clifford alikiri kwamba vitabu vinasema hivyohivyo. Jina la mnyoo walimpa watu waliomwangalia haraka. "Lakini bado hatulingani. Umezidisha wanne."

"Samaki wa sita. Kwapa la kushoto."

Clifford akainama, akainua pezi, akahesabu kwa kidole. Wanne. Akafuta thelathini na tisa yake.

"Sasa tumelingana," akasema, akampa buti za mpira.

Zilimfika mapajani. Mama Katungu akaingia kijitoni akitembea kama bata, anacheka peke yake, akaomba samaki wa kumi na moja.