Nasaba ya Kamanda, na ya Kwetu

Miaka ile, Louisville, nilikuwa nikimwogesha mzee mmoja Mfaransa, kamanda mstaafu wa jeshi la kwao, mtu wa ukoo wa makabaila. Mkewe Mmarekani ndiye aliyemleta huku, kisha akafa. Mimi nilipewa kazi kwa sababu ya Kifaransa changu cha shule ya misheni. Kila asubuhi, mgongo ungali unaniuma kwa kazi yangu ya usiku ghalani, alinisomea nasaba yake: kanali aliyezaliwa na kapteni, mpaka kwa babu aliyekatwa kichwa wakati wa mapinduzi. Alinichosha, nasema kweli. Ukoo wote ulichorwa kwenye karatasi kubwa ukutani, nami niliipangusa vumbi bila kuambiwa.

Kwetu pia mtoto hufundishwa kutaja baba zake saba, na msichana wangu aliwajua wote. Kosa lilikuwa langu. Katika kambi ya wakimbizi, siku ya mahojiano ya safari ya Marekani, nilimwandikisha kuwa mimi ndiye baba aliyemzaa. Baba yake alikuwa kaka yangu, askari aliyeuawa, na tuliogopa kwamba jamaa ya askari haitapandishwa ndege. Mtoto wa kaka ni mtoto wako, hapo sikudanganya. Ila nilipomfundisha nasaba nilijiweka mahali pa marehemu. Mama yangu, aliyekuwa Buffalo, alinionya kila alipopiga simu: "Iyo mambo usiifungue. Watatunyanganya makaratasi." Nilijua mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mtu aliyechoka huahirisha.

Jumamosi moja, wiki mbili kabla msichana hajahamia Columbus kusoma chuo, nilikwenda naye kazini. Mzee akamuuliza baba zake ni akina nani. Akawataja bila kukwama, mimi wa kwanza. Kamanda akampigia saluti palepale kitini, kisha akamwonyesha ukutani doa la wino kando ya jina lake mwenyewe. Pale palikuwa na mdogo wake, alisema. Aligoma kwenda vitani, na baba yao akaamuru afutwe.

"Nilimfuta mimi, kwa mkono huu," alisema, akaanza kulia.

Nilimfuta machozi na kamasi huku nikimtafsiria msichana. Niliona aibu.

Tulipoingia garini sikuwasha injini. "Baba yako mwenye alikuzala ni kaka yangu mukubwa," nilimwambia. "Bon, ni mimi nilimutosha mu karatasi, nilimufuta. Niliogopa."

Miaka yote alikuwa akinijibu kwa Kiingereza, lakini sasa aliniuliza kwa Kiswahili chetu:

"Alikuwa anacheka namna gani?"

Nilimtafuta kaka yangu kichwani. Nikapata buti zake, nikapata alivyovaa kofia upande. Kicheko sikukipata, nikamwambia hivyo hivyo.