Moyo wa Mlinzi Uliokwenda Mbio Akiwa Getini

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, geti la kiwanda cha kuchenjua dhahabu karibu na Sekenke bado limefungwa. Mlinzi, Mzee Antipasi Kitundu, anavua saa yake nyeusi ya mpira, anaiweka pamoja na simu yake kwenye sanduku la mbao, kisha anawageukia wafanyakazi waliopanga foleni.

"Haya, watani zangu. Simu, saa janja, vyote humu."

"Mzee, hii inahesabu hatua tu," fundi mitambo anajitetea.

"Na yangu inahesabu nini, maharage? Weka!"

Foleni inacheka. Fundi anaweka.

Sheria ya kiwanda ni kali: kifaa chochote cha aina hiyo hakivuki geti, maana wapo waliowahi kupiga picha chumba cha dhahabu. Saa ya Antipasi haina kamera, lakini haombi upendeleo.

"Nikivaa mimi, nitamvulisha nani?" anauliza.

Hata hivyo, anaihitaji. Ana miaka hamsini na minane na ana kisukari. Daktari amemwagiza atembee kila siku. Binti yake Magdalena, muuguzi Singida Mjini, alimnunulia saa hiyo na kuiunganisha na simu ili aone akiwa mbali kama baba anatembea.

Saa iliyolala sandukuni haihesabu kitu. Magdalena akapiga simu jioni moja, amekasirika.

"Baba, unashinda kwenye kiti! Kama hutembei, acha kazi uje tuishi wote huku mjini."

Antipasi alishtuka. Mshahara wa laki mbili na nusu kwa mwezi si mkubwa, lakini ni wake.

"Mjini nitafanya nini? Kukaa sebuleni wajukuu wanibadilishie chaneli?"

Hakutaka kubishana na binti yake. Badala yake akabuni hila: saa na simu akamwachia mkewe, Rebeka, ili hatua zake zihesabiwe kama za mumewe.

"Nilimwambia, baba Magdalena, utaumbuka," Rebeka anasema.

Haikupita wiki. Ulikuwa msimu wa mavuno, na Rebeka, saa mkononi, alikuwa uani na majirani wakipiga alizeti kwa fimbo. Saa hiyo hupima pia mapigo ya moyo; kule mjini, Magdalena akaona kwenye simu yake moyo wa "baba" unakwenda mbio tangu asubuhi. Alipiga simu ikaita tu. Ilikuwa mezani, na kelele za fimbo ziliimeza.

"Nikajua baba ameanguka," anakumbuka.

Alipanda basi hadi Misigiri, kisha bodaboda. Alifika getini akiwa na vumbi hadi kwenye kope, akamkuta baba yake amesimama, anafungulia lori.

"Shikamoo, baba! Moyo wako..."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo saa mkononi, vua."

"Baba!"

"Sandukuni kwanza. Moyo tutauongelea baadaye."

Magdalena akavua, akaketi kwenye benchi kando ya geti hadi jioni. Akamwona mzee akifuata uzio mpaka kona ya mwisho na kurudi, akiinama kuchungulia chini ya malori, kisha akianza mzunguko mwingine. Kiti cha mlinzi kilikuwa na ndoo ya maji ya kunywa.

"Nililia, nikacheka," anasema. "Kumbe anayekaa kwenye kile kiti ni ndoo."

Habari ya kuacha kazi haijasemwa tena. Antipasi amerudi kuvaa saa yake mwenyewe, na asubuhi ndiyo ya kwanza kuingia sandukuni. Jioni Magdalena akipiga simu, haulizi tena hatua.

"Baba, leo nani amekaa kwenye kiti?"

"Ndoo, mwanangu."

Mkataba wake umebakiza miaka miwili. Ukiisha, anataka kurudi kijijini Ulemo, kwenye shamba alilorithi kwa baba yake, alime alizeti na kufuga kuku.

"Kule hakuna geti," anasema, akiifunga saa mkononi baada ya zamu. "Nitaivaa tangu jogoo la kwanza mpaka nilale, Magdalena ahesabu mpaka achoke."

Rebeka, anayemsubiri barabarani ili watembee wote hadi nyumbani, amemsikia.

"Vizuri," anasema. "Na fimbo ya alizeti utashika wewe. Safari hii moyo uwe wa kwako."