Somoe na mizani ya makopo

Kuna maneno mawili nimeyatamka leo shuleni, na mpaka sasa yananikera.

Nafundisha darasa la awali, huku vijijini Nachingwea. Nina mtoto anaitwa Somoe. Nyumbani kwao wanaongea Kimwera tu, na tangu Januari hajawahi kufungua mdomo darasani. Nikiita jina lake, anainua kidole basi.

Leo asubuhi tulicheza ghala la korosho. Mizani yetu ni fimbo na makopo mawili ya maziwa. Watoto wakapanga foleni na korosho zao.

Somoe akajipenyeza mbele, akashika mizani. Akachukua korosho za mwenzake, akazitikisa sikioni kama wanavyofanya wakubwa, kisha akasema kwa Kiswahili, tena kwa sauti:

"Hizi bado mbichi. Rudi nazo ukaanike."

Jamani, machozi yalinilenga.

Hapohapo mwalimu mkuu akaingia. "Madamu, hii ni shule au gulio?"

Akaagiza makopo yatolewe nje, watoto wakae kwenye mistari waimbe a, e, i, o, u.

Makopo niliyatoa mimi mwenyewe.

Mkuu akaandika herufi ubaoni, akamwita Somoe. "Wewe, soma hii."

Mtoto kainamisha kichwa, korosho moja bado iko kiganjani.

Mkuu akanigeukia. "Huyu haongei? Mwambie mzazi wake ampeleke hospitali."

Walimu wenzangu, nyie mngemjibuje?

Maana mimi nilisema, "Sawa, mkuu."