Mioyo Mitatu ya Mzee wa Mbao

Nianze na ujinga wangu. Baba alipokuwa anaoga niliichukua simu yake, nikatafuta namba ya mzee anayemuuzia mbao kule Muheza, nikafuta jina lake nikaandika "Mpenzi", na mioyo mitatu myekundu. Nilitaka nimwone baba akiruka mzee atakapopiga. Nikasahau kwamba baba, fundi seremala, haoni karibu bila miwani. Simu ikilia anapokea tu, hasomi. Anayesoma ni mama.

Mzee alipiga Jumatano, baba yuko msikitini, simu iko mezani. Mama aliitazama mpaka ikakatika. Hakupokea, maana alivyofundwa yeye, mke hagusi simu ya mume. Hakugomba pia. Alikunja kanga zake mbili mbili, akazitia kwenye begi, akampigia somo yake, yule bibi wa Pangani aliyemfunda kabla ya harusi.

Ningesema palepale. Nikajidanganya litapoa. Usiku baba akala wali peke yake, akauliza kama kuna msiba.

Kesho yake alasiri somo akaingia.

"Shikamoo, mama," baba akasema.

"Marahaba. Keti, mwanaume mwenye mioyo mitatu."

Baba akajishika kifua. Na kwetu somo wa mkeo akizungumza humkatizi, hata kama hujui umeshtakiwa nini. Akainamia mkeka.

"Kesho namchukua," somo akaendelea. "Mimi nilikukabidhi mwari. Leo wanirudishia begi?"

Hapo nikashindwa. "Ni mimi, bibi! Huyo Mpenzi ni mzee wa mbao, jina nimeandika mimi!"

"Baba yako kakununua kwa nini? Chipsi mayai?"

"Wallahi tena!"

"Usimtaje Mungu kwa mdomo wa chipsi."

Mama hakucheka. Mkono wake ulikuwa kwenye zipu ya begi.

"Basi mpigieni," nikasema.

Somo akaichukua simu ya baba, akabonyeza mwenyewe kwa kidole chenye hina, akaweka spika. Ikaita, ikaita. Kisha kikatoka kikohozi kizito, cha tumbaku na vumbi la mbao.

"Fundi! Jana nilikupigia hukupokea! Mbao zako za mkangazi zipo, waja kuzichukua au nimpe mwingine?"

Somo akakaza uso. "Samahani. Wewe ndiye mpenzi wa fundi?"

Mzee akakohoa tena.

"Mimi? Bibi, nimebakiwa na meno mawili."

Somo alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. Baba akatafuta miwani, akasoma simu yake, akanitazama, nami nikapima umbali wa mlango. Lakini macho yangu yalikuwa kwa mama. Aliiachia zipu. Akakaa juu ya begi lenyewe, pumzi ndefu ikamtoka, akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Konzi nilijua zinakuja, na bado nilijiona mwepesi kama nimetuliwa gunia la machungwa.

Mama akanyoosha mkono, baba akampa simu. Safari hii aliigusa. Akatafuta namba yake mwenyewe: "Mama Watoto", basi, hakuna hata nukta. Akanikabidhi mimi.

"Futa hilo," akasema. "Mioyo ya mzee wa Muheza ilete kwangu, yote mitatu. Halafu kanga zangu zirudishe kabatini moja moja, ndipo baba yako akuchape."