Nilichoma Kitabu cha Wageni wa Angani Kabla Hakijaisha

Mchana kweupe, nikiwa nashona, nilisikia binti yangu akiongea na viumbe wa nyota nyingine.

Sitanii.

Sauti ilitoka chumbani kwa mama mkwe wangu, nzito kama ya mtu mzima: "Tumesafiri giza lote hili. Huyo Mungu wenu hatumjui. Hakuna aliyetuumba."

Nikanyanyua mguu kwenye pedali. Cherehani ikanyamaza, na moyo wangu nao nusura unyamaze.

Niliingia mbio. Binti yangu amekaa kitandani kwa bibi yake, ameshika bonge la kitabu. Kwenye jalada kuna mwanga unashuka juu ya mji.

"Unaongea na nani?"

"Namsomea bibi, mama. Ni riwaya."

Mama mkwe haoni tena, macho yake yana ukungu. Akanigeukia. "Mke wa mwanangu, toka. Umetukata patamu."

Nikatoka. Lakini mimi ni mama, tena mama mwenye woga. Shule niliishia ya msingi, na huyu binti ndiye pekee aliyebaki nami tangu baba yake afariki. Anaimba kwaya, anafunga, anaomba. Nikasema hapana, huyu simwachi apotee nikiwa naona.

Alipoenda chuoni nikakichukua. Nasoma polepole, kwa kidole. Nikakuta habari ya mtawa mmoja aliyepanda chombo kwenda kuonana na wageni hao. Anawauliza kama wanajua kusali. Wanamcheka.

Wanamcheka mtawa! Nikakifunga kama niliyeona nyoka.

Hapo ndipo nilipochemsha. Badala ya kumwuliza mwanangu, nilikimbilia kwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha maombi.

Alikishika kwa ncha za vidole. "Dada yangu, haya ni mapepo yaliyovaa bati. Jumapili mlete, na kitabu chake."

Jioni nikamwambia binti.

"Mama, ni hadithi tu."

"Hata nyoka wa bustanini alianza na hadithi."

"Basi kisome mpaka mwisho."

"Mwisho wa sumu ni kaburi."

Nililipenda sana jibu langu lile. Nilitembea nalo kifua mbele kama nimeshinda kesi.

Jamani, mimi ni fundi. Mteja akija kukagua gauni likiwa bado vipande, akaanza kununa kwamba halina mikono, huwa namfukuza. Na mimi ndiye niliyehukumu kitabu kizima kwa kipande kimoja.

Jumapili, baada ya ibada, tulimsimamisha nyuma ya kanisa. Kulikuwa na pipa la kuchomea taka, moto unawaka. Kina mama wakamzunguka, kila mmoja anakemea kwa sauti yake. Vijana wa kwaya wakachungulia kutoka mlangoni.

"Nyie, njooni muone! Bibi Sayari anarudishwa duniani!"

Kicheko.

Mwenyekiti akasema, "Atie mwenyewe, ndipo atakapofunguliwa."

Binti yangu akanitazama. "Mama, si changu. Nimekiazima kwa mwalimu."

Wenzangu wote wakanigeukia. Nikaona nikilegea nitaonekana mama gani?

"Tia," nikasema.

Akatia. Hakulia hata chozi. Kina mama wakaimba na kupiga makofi, nami nikaimba na kupiga kuwashinda.

Tulipofika nyumbani mama mkwe alikuwa ameketi, amejifunga kitenge vizuri, mto umewekwa tayari kwa msomaji wake.

"Mjukuu wangu yuko wapi? Tuliishia mtawa anaumwa, na yule mgeni mkubwa amekaa mlangoni kwake."

Nikamwambia tulichofanya. Nilimweleza kwa fahari kidogo, kusema kweli.

Aliupapasa ule mto, akauondoa.

"Unajua tangu nimzike mwanangu sijaomba?"

"Lakini mama, tunaomba wote kila siku!"

"Wewe unaomba. Mimi nasema amina ili usiogope. Yule mgeni aliposema hakuna aliyemuumba, nikamwambia mjukuu wangu, huyo ni mimi. Akaniambia, bibi, tumsubiri, huenda atabadilika. Basi nikawa nasubiri naye. Juzi yule mgeni akaanza kumwuliza mtawa: mtu akitaka kushukuru, anaanzaje? Na mimi juzi nikajaribu."

Nikakaa sakafuni palepale.

Nilimkimbilia binti. Nilimkuta anakunja joho la kwaya.

"Mwanangu, mwisho wake ni upi? Kamwambie bibi."

"Siujui. Tuliahidiana nisimtangulie hata ukurasa."

"Na hilo joho?"

"Naomba ukamrudishie kiongozi wa kwaya."

"Kwa sababu ya kitabu?"

"Hapana, mama." Alikuwa analainisha mkunjo kwa kiganja, kama nilivyomfundisha. "Pale kwenye pipa nilikuwa naomba. Nilimwomba Mungu mtu mmoja tu aseme, mwacheni. Nikakuangalia wewe."

Nikalipokea joho.

Nimeenda kwa mwalimu kuomba radhi. Alisema kile kilikuwa nakala yake pekee. Nimewauliza wauza vitabu, hawakijui. Mama mkwe ameniambia niache kuhangaika, lakini kila mara namsikia akijiuliza peke yake, "Sijui yule mgeni alishukuru?"

Siku hizi Jumapili tunakwenda wawili, mimi na mama mkwe. Binti anatusindikiza hadi geti la kanisa, anamkabidhi bibi mkononi mwangu, kisha anageuka. Kitabu hakikumtoa kanisani. Niliyemtoa ni mimi, na mikono hii ndiyo iliyopiga makofi.

Mama mwenzangu, ukimkuta mwanao anasoma kitu cha kukutisha, vuta kigoda ukae. Hujui kusoma? Sikiliza. Mwulize anatafuta nini humo kabla ya kumwita mtu wa nje. Woga wa mama unaweza kuvaa nguo za imani, zikaukaa vizuri kabisa, na usijue.

Nimemwomba mwanangu msamaha. Aliniambia, "Haya, mama."

Haya, mama. Basi. Kisha akaenda kuosha vyombo.