Bonifasi, msasi aliyetafuta buti ya kumshika mguu

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umelala bondeni na Ziwa Tanganyika halijaonekana. Bonifasi Ntakarutimana ameketi kwenye kizingiti cha nyumba yake, pembezoni mwa Kasingirima, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele kama mtoto anayengoja kutolewa funza.

Anazungusha bendeji kwenye kifundo, kutoka unyayoni kwenda juu. Anavaa soksi mbili, moja juu ya nyingine, kisha anautumbukiza mguu ndani ya buti ya kahawia iliyochunika. Kamba hafungi kwa pupa. Kwenye vidole anaziacha zilegee, kwenye mgongo wa mguu anakaza na kupiga fundo, halafu anapanda juu ya kifundo na kuvuta mpaka mishipa ya mikono inamtoka.

"Baba Inamahoro, mbwa wamechoka kukungoja," anasema mkewe, Verediana, akiwa na bakuli la uji mkononi.

"Waache wangoje. Wao wana miguu minne. Mimi nina mmoja na nusu."

Bonifasi, mwenye umri wa miaka 34, ni msasi wa nguruwe pori. Wakulima wa mihogo kwenye vilima vya nyuma ya Ujiji humwita pale wanyama hao wanapovamia mashamba. Fedha hupata kwa nadra. Hulipwa mihogo, chupa za mawese, na nyama yenyewe, ambayo wengi wa wenye mashamba, kwa kuwa ni Waislamu, hawaigusi.

Mwenzake wa kazi ni mzee Mwinshehe, mkulima wa Ujiji anayemiliki gobore kwa kibali. Bonifasi hutangulia na mkuki na mbwa, mzee hufuata na bunduki.

"Mimi napiga, yeye anachukua," anasema Mwinshehe. "Nguruwe wake simgusi, na mbwa wake hawakanyagi ua wangu. Lakini bila Boni, mwaka ule nguruwe waliponilia karibu nusu ekari, ningekula majani."

Bonifasi alifika Kigoma mwaka 1972 akiwa mtoto wa miaka saba, ameshika ncha ya kitenge cha mama yake, wakikimbia mauaji Burundi. Baba yake alikuwa nyuma yao njiani, na hawakumwona tena. Mama akapata kibarua cha kulima kwa Waha, akajenga, akazikwa hapa. Mtoto akakua akifuata wasasi milimani.

Sasa, mwaka 1999, wakimbizi wengine wanaingia kwa maelfu, na watu kama yeye, waliokwisha kuwa wenyeji, wanatazamwa upya. Majirani zake kadhaa wamepelekwa kambini na misako. Yeye amenusurika kwa sababu ameoa Muha na mtaa mzima unamjua. Lakini anakiri kwamba akiona gari la askari, moyo humruka.

Kifundo chake kiliharibika masika ya mwaka juzi. Walikuwa wamemjeruhi nguruwe dume, naye Bonifasi akamfuata mbio akiteremka mteremko wenye nyasi ndefu. Mguu wa kushoto ukaingia kwenye shimo lililochimbwa na muhanga ambalo hakuliona.

"Nilisikia mlio kama wa muwa unaovunjwa," anasema. "Nikatazama nyuma kuona nani anakula muwa porini. Kumbe ni mimi."

Aliteremshwa kwa baiskeli hadi hospitali, akafungwa hogo la plasta. Lilipotolewa, daktari alimweleza kwamba mfupa umeunga, ila kano zilizokuwa zikikishika kifundo zimelegea. Kitageuka tena na tena. Akamshauri asipande mlima.

"Nikamwuliza, daktari, kwani nguruwe wanakaa ufukweni? Akacheka. Akasema basi, kama huna njia nyingine, tafuta kiatu kinachopanda juu ya kifundo na kukishika kama mkono unavyoshika."

Bonifasi alinunua gambuti. Lilikuwa refu, likifika karibu na goti, naye akadhani urefu ndio nguvu. Ndani yake mguu ulielea kama kijiko kwenye sufuria. Akatia vitambaa, vikajikusanya mbele. Akafunga kamba ya mkonge kwa nje, ikateleza.

Hivyo hivyo akarudi kazini. Asubuhi moja, kwenye korongo lenye matete, nguruwe jike mwenye watoto alitoka kichakani bila kutishwa na kubweka kwa mbwa. Bonifasi akageuka kumkabili. Gambuti likabaki lilipo, mguu ukageuka peke yake ndani. Akaanguka chali, mkuki ukamtoka.

Mwinshehe alikuwa juu ya ukingo, gobore begani, lakini hakuthubutu kufyatua. "Ningempiga nani? Nguruwe na mtu walikuwa kitu kimoja," anasema.

Aliyeingia kati ni Tulia, mbwa jike mzee wa Bonifasi. Alimrukia nguruwe usoni na kumng'ang'ania sikio mpaka bwana wake akajiburuta nyuma ya jiwe. Nguruwe alipokwenda zake, Tulia alikuwa amepasuliwa ubavu.

Bonifasi hakuweza kusimama. Akakaa pale akimwita kwa jina, mbwa akitikisa mkia kidogo kidogo mpaka ukatulia.

Kisha alimwona mzee Mwinshehe, mtu ambaye miaka yote alikuwa akiwafukuza mbwa kwa fimbo wasimsogelee, akivua shuka lake begani. Alimfunga Tulia ndani yake, akambeba mikononi mpaka kwenye mpaka wa shamba, akachimba shimo kwa jembe la shambani.

"Nilijitoharisha baadaye," anasema mzee, akitazama pembeni. "Maji yapo. Yule alikuwa ameokoa mtu."

Baada ya siku hiyo Bonifasi alikaa nyumbani. Verediana akawa anatoka alfajiri kwenda Katonga kuanika dagaa wa watu, akirudi na kipimo cha mboga na harufu isiyotoka nguoni. Nguruwe nao walisikia habari njema. Mihogo ya vilimani ikaanza kulimwa usiku na pua zao.

"Alikuwa hasemi," Verediana anakumbuka. "Anaushika mguu wake anautazama, kama mtu anayetazama mgeni aliyekataa kuondoka."

Mwishowe akajikongoja hadi soko la Mwanga, kwa Scola, muuza viatu vya mitumba. Huko akakutana na buti nyeusi za kijeshi. Zilipanda juu ya kifundo, zilikuwa na matundu mengi ya kamba na soli iliyouma ardhi. Alipozivaa akatembea mbele ya meza ya Scola, akarudi, akatembea tena.

"Nilitaka kulia," anasema. "Mguu ulikuwa umekwisha kuwa wa mtu mwingine. Siku ile ulirudi kwangu."

Scola alimwonya. "Nilimwambia, kaka, hizo zimeingia ndani ya robota kwa bahati mbaya, raia haruhusiwi kuzivaa. Akasema anakwenda nazo porini tu, nani atamwona?"

Waliomwona ni askari wa zamu kwenye kizuizi cha barabara, siku ya tatu. Walimwona mtu mwenye mkuki, buti za jeshi, anachechemea kama aliyetoka vitani. Wakamwuliza anafanya nini.

"Narinda mihogo," alijibu.

Hapo hofu ilikuwa imekwisha kumkamata, na hofu ikimkamata Bonifasi, Kiswahili chake kinarudi kwenye lafudhi ya Kirundi ya utotoni, kila la inakuwa ra. Askari wakatazamana. Wakamwuliza tena, analinda nini? "Mihogo, afande. Narinda mashamba ya watu." Wakamwuliza amefunzwa wapi, na waasi wenzake wako wapi.

Alilala mahabusu bila viatu. Aliambiwa kwamba kukikucha atapandishwa lori la kambini. Verediana alifika na chakula akarudishwa. Akakimbia Ujiji usiku uleule kumgongea Mwinshehe.

Mzee alitangulia kufika kituoni kuliko jua, amevaa kanzu na kofia yake ya Ijumaa, na kibali cha gobore mfukoni. "Nikawaambia, huyu ni mwenzangu. Kama ni mwasi, basi bunduki ya waasi ni hii yangu, nikamateni mimi." Kisha anaongeza kwa tabasamu: "Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Boni alijikwaa vyote viwili."

Aliachiwa kabla ya adhuhuri. Buti zilibaki kituoni. Bonifasi alirudi pekupeku, akiegemea bega la mkewe upande mmoja na la mzee upande mwingine.

Mwandishi alimwuliza kama alifikiri kuacha usasi. "Ego, nilifikiri," anasema, akitumia neno la kwao la ndiyo. "Lakini zile buti zilikuwa zimenionyesha kwamba inawezekana. Mtu ukionyeshwa kwamba inawezekana, huwezi kulala tena."

Akaanza kuviangalia viatu vya watu. Alikaa kwa Leonardi, fundi viatu wa Ujiji, akitazama vilivyoletwa kutengenezwa, akiuliza kwa nini hiki kimepinda ndani na kile nje. Leonardi alimfundisha kubana kisigino cha kiatu kwa vidole: kikibonyea, hakimfai. Alimfundisha kukunja soli: ikunjike kwenye vidole, isikunjike katikati.

Scola alipofungua robota lililokuwa na buti za kuwindia, alimtumia salamu. Bonifasi hakwenda asubuhi. Alingoja mpaka alasiri, mguu ukiwa umevimba kama unavyovimba siku ya kazi, akabeba bendeji yake na soksi zote mbili. Verediana akafuatana naye.

Jozi za saizi yake zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya ngozi laini, nyepesi, rangi ya majivu, kana kwamba haijavaliwa. Iliingia mguuni bila taabu. Verediana aliipenda palepale.

"Hizi hata kanisani zinafaa," alisema.

Ya pili ilikuwa ya kahawia, nzito, ngumu kama ubao, soli ya upande mmoja imelika, na ilipwaya kidogo. Scola mwenyewe aliicheka. "Kaka, hizo nikikuuzia ni kama nimekufunga jela."

Bonifasi aliomba kuzijaribu mahali penye mteremko. Nyuma ya soko kuna mtaro wenye kingo za mawe. Alivaa zile laini, akashuka kwa ubavu. Kwenye jiwe la kwanza kifundo kikayumba kwenda nje, na kiatu kikaenda nacho. Ilibidi ajishikize kwa Verediana asianguke.

Akavaa zile ngumu, na bendeji, na soksi mbili, zikajaa. Akashuka. Akakanyaga jiwe lilelile kwa makusudi, kisha lililo baya zaidi. Watu wa soko walisimama kutazama mtu mzima akipanda na kushuka mtaroni kama mbuzi.

"Mama Inamahoro," aliita kutoka chini, "za kanisani tutatafuta siku nyingine."

Leonardi alizitia soli mpya za tairi, akakataa kuinua kisigino ingawa Bonifasi alitaka aonekane mrefu kidogo. "Ukiinua kisigino, unakiwekea kifundo mlima juu ya mlima," alimwambia.

Zilimchubua sana. Kwa wiki kadhaa alizivaa akiteka maji na akipalilia, akizipaka mawese kila jioni ngozi ilegee. Asubuhi alikuta mbwa wamezilamba zikang'aa. Hakupanda mlimani mpaka malengelenge yalipopona.

Leo, jua limepanda. Mbwa wanabweka katikati ya matete, chini ya shamba la Mwinshehe. Bonifasi anashuka ukingo kwa ubavu, hakimbii, mkuki ameushika kama mkongojo. Mzee yuko ukingoni juu, gobore begani.

Nguruwe anatoka. Bonifasi anageuka, mguu wa kushoto unakanyaga jiwe lisilotulia, na kwa kitambo kidogo mwili wake wote unaelekea upande. Halafu anasimama wima. Anampisha mnyama upande wa kulia, mbali na mzee, na gobore linalia juu ya bonde. Moshi unapotawanyika, nguruwe amelala.

Bonifasi bado amesimama palepale. Anautazama mguu wake.

"Umeuona?" anamwuliza mzee. "Ulitaka kwenda. Kiatu kikakataa."

"Nimeuona," anajibu Mwinshehe. "Alhamdulillahi. Sasa ondoa mnyama wako shambani kwangu."

Buti hazijamponya. Jioni Verediana anamkanda kwa maji ya moto, na siku za baridi anachechemea kama zamani. Nguruwe aliyejeruhiwa akikimbilia mteremkoni, Bonifasi huwaacha mbwa wamfuate, yeye huzunguka polepole. Anasema anajua kwamba miaka yake ya usasi haitakuwa mingi.

Ndiyo maana, nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha makuti, amepanga miche ya michikichi ndani ya makopo. Mwinshehe amempa ukanda wa ardhi kwenye mpaka wa shamba lake. Mvua zikianza ataihamishia huko, na ikianza kuzaa anataka kukamua mawese mwenyewe, awaachie vijana nguruwe.

Mchikichi hauzai leo wala kesho. Mwandishi alimwuliza itakuwaje kama msako utarudi, naye akapelekwa kambini kabla hajavuna.

Bonifasi aliinama, akang'oa jani la magugu kwenye kopo moja.

"Nilipofika hapa nikiwa mtoto, nilikuta michikichi mikubwa, imepandwa na watu nisiowajua," alisema. "Siku ya kwanza tu mama alipewa mawese ya michikichi hiyo, tukala. Hakuna aliyeuliza tunatoka wapi. Basi mimi napanda. Mvua ikinyesha, napanda."