Mkono wa Bwana Omari Njiapanda

Nakumbuka ile siku niliyoshuka gatini Mtangawanda na baiskeli ya milima begani, nikielekea Siyu kumzika baba yangu. Cheka tu, mwanangu. Kisiwa chetu cha Pate hakina hata mlima mmoja, na mimi nilikuwa na gia tele. Mgeni mmoja wa hoteli ya Shela nilikofanya kazi aliniachia alipoondoka, pamoja na helmeti, glavu na miwani myeusi iliyoziba nusu ya uso. Vyote nilivivaa, hata siku ya msiba.

Habari ya kifo ilinifika alfajiri. Kwetu maiti halazwi hadi kesho yake, kwa hiyo nilijua wakinisubiri watanisubiri kidogo tu. Nilitaka jambo moja, kumtia baba mchanga kwa mkono wangu. Basi nikakanyaga pedali katika ile njia ya miguu, matairi yakirusha mchanga nyuma yangu.

Karibu na mji, penye njiapanda, jirani yetu Bwana Omari alikuwa ameketi na mkongojo wake. Akanipungia mkono. Nikajiambia, huyu naye anataka kuitazama baiskeli kama watu wote. Nikampigia kengele, nikapita. Hata salamu sikumpa.

Nyumbani nikawakuta wanawake peke yao. Dada yangu akaniuliza, "Kwani hukumuona Bwana Omari? Jeneza limeshatoka. Tumemweka pale akungoje."

Nikarudi mbio hadi njiapanda. Watu walikuwa wakitoka makaburini, wanakung'uta mikono. Ndugu zangu walikuwa na mchanga wa kaburi la baba vidoleni. Vidole vyangu vilikuwa safi ndani ya glavu.

Bwana Omari hakunikaripia. Alisema taratibu, "Nalikupungia nikwambie wamemtukua kwa ndia hii. Miguu yangu hainifikishi maziarani, mwanangu, lakini mkono nalikuwa nao."

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Lakini siku ile haraka ilikuwa na haki yake. Kilichokosa baraka ni kiburi changu. Niliikokota baiskeli hadi nyumbani, na sijawahi kujiona mpweke kama nilivyokuwa katikati ya watu wale wa matanga.

Siku hizi miguu yangu nayo imegoma, na mimi ndiye ninayeketi njiapanda ile. Vijana mnapita na helmeti zenu nzuri, mmeziba masikio kwa muziki. Napunga mkono, mnanipigia kengele. Kusema kweli sina habari ya kuwapa. Nataka salamu tu, maana siku ni ndefu na wenzangu wote wametangulia.

Nunua baiskeli nzuri, mwanangu, na helmeti usiiache nyumbani, kichwa hakina spea. Lakini mzee akikuinulia mkono, shika breki, shuka, vua miwani, umsikilize mpaka amalize. Huenda hana neno. Huenda pia amewekwa pale kwa ajili yako.

Mola akufikishe salama kila uendako, na siku yangu ikifika, akujaalie uwahi kunitia mchanga. Amin.